Wapangaji wa Chini ya Siti

Siku hizi pikipiki ikionekana ina betri, mwenyewe anaona haya. Sisemi betri iliyokufa. Hiyo hata mimi inaniaibisha, pale ninapopiga kiki mbele ya kijiwe kizima huku wakinipa ushauri wa bure. Nasema betri nzima, yenye chaji yake, iliyotulia mahali pake nyuma ya kava la pembeni. Vijana wa mjini wamekubaliana kwamba huo ni uchafu wa macho. Pikipiki nzuri, wananifundisha, ni ile ambayo ukichuchumaa ubavuni mwake na kuchungulia chini ya siti, unaliona genge la nyanya lililo upande wa pili wa barabara. Kama huoni nyanya, bado kuna kazi.

Nami nauliza: umeme utakaa wapi? Taa wanataka, tena iwe kali. Honi wanataka. Starti ya kubonyeza wanataka, na pa kuchajia simu wanataka. Ila betri, rektifaya, relei, fyuzi na nyaya zake hawataki kuziona kwa macho. Wanataka huduma, mtoa huduma ajifiche.

Mimi nina pikipiki. Angalau kadi ina jina langu. Ni ya Kichina, siisi 150, aina ile ambayo ukisimama kidogo Mbagala Rangi Tatu utaziona zikipita mpaka uzichoke. Injini yake ni ya ukoo wa Honda CG125, iliyotoka Japani mwaka 1976 ikiwa na fito za kusukumia valvu badala ya mnyororo. Ni injini ya kuvumilia nchi ambazo mtu hubadilisha oili akikumbuka. Wachina wakaichukua, wakainakili, wakaikuza, wakatuletea. Sijawahi kuilaumu. Ilikuwa inaniwahisha kazini, inanirudisha, na jioni inakaa kibarazani bila maneno.

Kisha mpwa wangu akaja na shikamoo ndefu. Shikamoo ya kijana ikirefuka, shika mfuko.

"Mjomba, hii pikipiki yako ina umbo zuri sana, ila limefichika."

Alitaka kuigeuza kaferesa: usukani mfupi wa kuinamia, siti bapa yenye kinundu nyuma, na katikati patupu. Nilikataa. Jioni dada yangu akapiga simu. Dada yangu hapigi simu kuomba, anapiga kutoa taarifa. Kijana ana kipaji, nisimvunje moyo. Halafu, kwa sauti ya chini, je, namkumbuka aliyenilipia ada ya sekondari? Ufunguo ukatoka.

Ili kero yangu ieleweke, lazima niwataje kwanza waliokuwa wakiishi mle. Aliyeisanifu pikipiki ile alikuwa mwenye nyumba makini. Kati ya siti na injini aligawa vyumba, na kila mpangaji akapewa chake kwa sababu.

Chumba kikubwa alipewa betri: volti 12, ampea-saa 7, betri ya maji. Alikaa katikati na chini kwa kuwa ni mzito, na uzito ukipandishwa juu au ukisogezwa nyuma, pikipiki inabadilika tabia kwenye kona. Alikaa wima kwa kuwa tumboni ana asidi. Alipewa na mrija mwembamba wa kupumulia, ushuke mpaka chini ya fremu, maana betri ya namna hiyo ikichajiwa hutoa haidrojeni na mvuke wenye asidi, na huo si wa kuupulizia mnyororo wala suruali ya mtu. Mlango wa pili alikaa relei ya stata, jirani kabisa, kwa sababu waya unaopeleka moto kwenye stata ni mnene na unatakiwa uwe mfupi. Kizingitini kwa betri akawekwa fyuzi. Hapo napo palifikiriwa: fyuzi humlinda aliye mbele yake tu, kwa hiyo ukimsogeza mbali na betri, kipande chote cha waya kilicho kati yao kinalala bila mlinzi.

CDI, kile kiboksi kinachoamua plagi itoe cheche wakati gani, alivalishwa mpira akatundikwa mbali na joto la injini. Koili ya plagi alikaa chini ya tangi, karibu na kichwa cha injini, ili umeme wa maelfu kwa maelfu ya volti usitembezwe safari ndefu ukitafuta bodi ya kurukia. Flasha wa indiketa alining'inizwa kwenye kilimi cha mpira, mtikisiko wa silinda moja usimvunje mbavu. Na rektifaya, bonge la alumini lenye mapezi, alifungwa kwenye chuma mahali panapopita upepo. Huyo mkumbukeni.

Mpwa wangu akawapa notisi wote kwa mpigo.

Aliyeletwa kusimamia zoezi la kuwahamisha ni fundi wa rika lake, mwenye kujiamini na grenda. Mimi nilidhani kazi ya umeme huanza na bisibisi, au walau kwa kuchora kwenye karatasi waya upi unatoka wapi. Yeye alianza na cheche. Kishikio cha betri kikakatwa, kikafuata cha rektifaya, vikafuata vile vidole vyote vya chuma ambavyo kiwanda kilivichomelea kwa ajili ya kushikia kitu. Fremu ikasagwa, ikapigwa msasa, ikapelekwa kupakwa rangi nyeusi ya unga, ya kuoka. Ikarudi inang'aa. Siku ile, nyanya zilionekana vizuri mno. Wapangaji walikuwa ndani ya ndoo ya plastiki kibarazani kwangu, wanasubiri kupangiwa makazi.

Betri alipelekwa chini, nyuma ya injini, ndani ya kisanduku cha bati kilichoning'inizwa mbele ya tairi la nyuma. Kwenye picha za Ulaya pale panapendeza. Dar es Salaam ina masika. Kuanzia Machi mpaka Mei ukipita Jangwani siku mbaya, maji hayakuulizi betri umeiweka wapi. Na hata siku njema, tairi la nyuma hurusha kila lilichokiokota kuelekea mahali pale pale. Halafu kisanduku kilitoka kifupi. Betri ikalazwa ubavu.

"Fundi, hii si ya maji?"

"Mzee wangu, betri ni betri. Hapo pametulia."

Palitulia mpaka asubuhi. Asidi ilikuwa imeshuka polepole, imelamba rangi mpya, imefika kwenye mnyororo. Ndipo ikatoka hoja ya kununua betri kavu. Betri kavu nayo ina asidi, ila imenywewa na pamba ya nyuzi za kioo, haichuruziki, na kwa kawaida unaweza kuilaza ubavu bila ugomvi, ilimradi usiigeuze kichwa chini. Maelezo hayo ningeyapenda zaidi kabla ya kulazwa ile ya kwanza. Aliyelipa ya pili mnamjua.

Relei ya stata ilibaki juu, chini ya tangi. Yaani majirani wawili wa mlango kwa mlango sasa wanaishi mitaa tofauti, na waya wa kuwaunganisha ulitokana na masalia ya kazi ya nyumbani kwa mtu. Stata hata ya pikipiki ndogo hunywa makumi ya ampea kwa wakati mmoja. Waya mwembamba na maungio yake vikiwa na ukinzani wa sehemu tano tu za mia za ohmu, ukipitisha ampea 60, volti 3 zinaliwa njiani. Betri imetoa 12, stata imepokea 9. Dalali amekata chake. Nikibonyeza kitufe, ilikuwa inaguna kidogo, kisha inanyamaza kwa heshima. Kijana akasema kaferesa halisi haina starti ya kitufe, inapigwa kiki. Kila kinachokufa kwenye ufundi wa siku hizi, kumbe ndiyo mtindo.

Sasa twende kwa rektifaya. Sumaku zinazozunguka pembeni mwa injini zinazalisha umeme wa kwenda na kurudi, usiofaa kuchajia betri. Rektifaya ndiye anayeunyoosha uende upande mmoja, na kidhibiti kilicho ndani yake kinauzuia usivuke volti 14 na ushei. Ukiongeza mwendo, sumaku nazo huongeza. Umeme wa ziada unakwenda wapi? Kwenye pikipiki nyingi, kidhibiti huukatiza njia urudi kwenye koili, na kazi hiyo inazaa joto. Ndiyo maana kiwanda kilimpa mapezi na upepo. Mpwa wangu akampa chumba kisicho na dirisha: ndani ya kinundu cha fiberi, nyuma ya siti, katikati ya sponji.

Nilihisi joto kabla ya kufika Kurasini. Lilikuwa joto la mahali ambapo mtu wa umri wangu hawezi kulisimulia akiulizwa una tatizo gani. Rektifaya akipikwa hivyo huchagua kufa kwa njia mbili. Ama anaacha kuchaji, betri inaisha taratibu na unakwama jioni. Ama anaacha kudhibiti, volti zinapanda, taa zinang'aa kupita kiasi, kila mtu anakusifu, kisha zinaungua kwa pamoja. Wangu alichagua njia ya sifa.

Indiketa zilinunuliwa mpya, ndogo sana, za LED. Zile za zamani zilikuwa na balbu za wati 10, mbili upande mmoja, jumla kama ampea moja na nusu na zaidi kidogo. Flasha wa kawaida anapima mzigo huo ndipo apepese kwa mwendo wake wa kistaarabu. LED inakula wati moja au mbili, kwa hiyo flasha anadhani balbu imeungua, anaanza kupiga haraka haraka ili akutaarifu. Nikikata kushoto kuingia mtaani kwangu, watu walikuwa wanakaa pembeni wakidhani nimebeba mgonjwa. Dawa ipo, nayo ni flasha wa kielektroniki asiyejali mzigo, na bei yake si ya kutisha. Fundi akachagua dawa nyingine: kuunganisha vipande vya ukinzani ambavyo kazi yao ni kupoteza umeme ili flasha adanganyike. Tafakari hesabu hiyo. Umenunua taa ya kuokoa umeme, halafu umenunua kifaa cha kuuchoma ule uliouokoa. Nacho kinapata moto, nacho kilifichwa mle mle kwenye kinundu, chumba kimoja na marehemu rektifaya.

Swichi ya ufunguo ilihama kutoka mbele karibu na spidi mita, ikaenda chini ya siti upande wa kushoto, kwa kuwa mbele "ilikuwa inaharibu mstari". Tangu hapo kila nikitaka kuondoka nainama sana, na kila nikiinama kuna mtoto wa jirani anaitikia. Taa kubwa nayo ilibadilishwa. Bakuli la taa ya zamani lilikuwa ukumbi wa mikutano: nyaya zote za usukani, swichi, honi na indiketa zilikutana humo, zikiwa na nafasi. Taa mpya ni nzuri, ila ndani yake hapatoshi hata soketi moja. Nyaya zikasukumwa kwenye shingo ya fremu zikiwa zimekazwa, bila urefu wa akiba, na usukani unageuka kutwa nzima. Waya unaokunjwa mahali pale pale kila siku hukatika ndani, huku gamba la nje likiwa zima. Matokeo yake, nikikata kulia taa inazima, nikikata kushoto honi inalia yenyewe. Nimemtukana dereva wa daladala bila kukusudia, naye akajibu kwa kukusudia.

Haya yote yangevumilika kama si suala la rangi. Honda wana utaratibu wao wa nyaya, na walioinakili CG wengi wameufuata. Waya wa kijani ni ethi. Mwekundu unatoka betri. Mweusi ni moto unaopatikana baada ya kufungua swichi. Rangi ya chungwa ni indiketa ya kushoto, samawati hafifu ni ya kulia, kijani chenye mstari wa njano ni taa ya breki. Fundi wetu alijifunzia kwenye magari, na huko alikotoka mweusi ndiye ethi, basi. Alipofika kwenye mweusi hakuuliza wala hakupima na mita. Aliufunga kwenye bodi kwa nati, akaukaza kwa nguvu zake zote. Tukafungua swichi. Fyuzi ikafanya kazi iliyoajiriwa kufanya: ikajikata.

Fyuzi ikikata, mtu mwenye akili hushukuru na kutafuta sababu. Yeye aliomba pakiti ya sigara. Ile karatasi ya kung'aa ndani ya pakiti ndiyo iliyowekwa mahali pa fyuzi, na kwa kuwa karatasi haijui ampea 15 ni nini, aliyeungua safari hii ni waya wenyewe, kuanzia betri mpaka kwenye swichi. Moshi ulitoka chini ya tangi lenye petroli. Mpwa wangu alikuwa anachukua video.

Na rangi ya fremu je? Fremu ndiyo barabara ya kurudia umeme. Kila taa inategemea chuma hicho kufika tena betri. Rangi ya unga ya kuoka haipitishi umeme hata chembe. Ethi zilifungwa juu yake, kwa hiyo umeme uliokosa njia ya kurudi ukawa unapita kwa majirani. Nikikanyaga breki, indiketa zinawaka kwa mbali. Nikiwasha indiketa, taa ya nyuma inapepesa. Kukwangua rangi ukubwa wa sarafu chini ya ile boliti kulitosha, lakini nani akwangue rangi iliyolipiwa?

Nilipolalamika, kijana alinionyesha picha simuni za wahenga wa mtindo huo, ili nijue nabishana na historia. Vizuri, tuiite historia. Mtindo ulishamiri Uingereza miaka ya 1950 na 1960, vijana wakikimbizana kutoka mgahawa hadi mgahawa. Mmoja uliopata jina ni Ace Cafe kule London, uliofunguliwa 1938, ukapigwa bomu wakati wa vita, ukajengwa upya 1949, ukafungwa 1969, na leo umefunguliwa tena. Mashine iliyotamaniwa ni Triton, injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton. Sasa, wale jamaa walikuwa na umeme gani wa kuficha? Stata ya umeme hawakuwa nayo. Indiketa hawakuwa nazo, walinyoosha mkono. Wengi walitumia magneto, ambayo hutengeneza cheche yake yenyewe bila kuomba betri. Waliobaki na nyaya walipata taabu ya kutosha, mpaka Joseph Lucas, ambaye kampuni yake ilitengeneza vifaa vya umeme vya pikipiki nyingi za Uingereza, akapachikwa jina la utani la Mfalme wa Giza.

Tena pale katikati hapakuwa patupu hata kidogo. Triumph na Norton za enzi hizo zilihifadhi oili ya injini kwenye tangi lake chini ya siti, na betri ilikuwa jirani. Wahenga wenyewe wangechuchumaa wasingeona nyanya. Huu utupu ni mtindo wa watu wa kupiga picha, umezaliwa juzi, halafu umepewa babu wa Kiingereza asiyemjua mjukuu.

Kwa upande mwingine wapo ndugu zangu wa bodaboda, ambao dhambi yao ni kinyume. Wao hawafukuzi mtu, wanaongeza wapangaji. Spika mbili, mkanda wa taa za rangi chini ya tangi, honi ya gari, pa kuchajia simu ya dereva na ya abiria. Pikipiki ndogo kama yangu inazalisha takriban wati 100, mara nyingine pungufu, na nyingi kati ya hizo zimekwisha gawanywa. Kwenye mashine nyingi za namna hii taa kubwa haimtegemei betri. Inachota moja kwa moja kwenye koili za sumaku, ndiyo maana ukipunguza mwendo inafifia. Betri anapata kinachobaki, na muziki unachukua kinachobaki baada ya kinachobaki. Ila niseme ukweli, bodaboda ana kitu ambacho msanii wa kaferesa hana: akiharibikiwa anafungua kava, anakiona kilichoharibika, anakigusa. Nyaya zake zinaning'inia hadharani na zinafikika.

Baada ya dada yangu kutazama ile video ya moshi, ruhusa ilitolewa nimtafute fundi mwingine. Nikampata Gerezani, mtu mzima wa nywele nyeupe, na nakiri alinifanya nipunguze kelele kwa muda. Huyu grenda hakuiulizia. Aliomba karatasi na kalamu, akachora kila waya unaotoka wapi unakwenda wapi, kwa rangi yake. Alipanga vifaa kwanza vikiwa vimeshikizwa kwa kamba, akageuza usukani mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto, akakaa kwenye siti ili aone imeshuka kiasi gani, ndipo akapima urefu. Hakukata mpaka alipopima, na alipoongeza waya aliongeza wa unene ule ule na rangi ile ile, akiunga kwa risasi na kufunika kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Viungo alivipishana, visikae mahali pamoja vikavimba. Kila tundu ambalo waya ulipita kwenye chuma alilivika mpira. Alikwangua rangi chini ya ethi, akafunga, kisha akapaka grisi juu pasiingie kutu.

Rektifaya mpya alimpeleka mbele, chini ya shingo ya fremu, kwenye bamba la alumini linalopigwa na upepo. Betri kavu alimrudisha chini ya siti, akamlaza, akawaweka fyuzi na relei kando yake tena. CDI akampa mpira wake. Mwisho akachukua mita, akaweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bonge la injini, akaniambia nibonyeze starti, akasoma. Volti zinazoonekana pale ni zile zinazopotea njia ya kurudi. Zilikuwa chache sana. Injini ikaitika.

"Nyanya zinaonekana nusu," alisema mpwa wangu, uso umekunjamana.

"Nusu ndiyo ilipo betri," alijibu mzee, akakunja karatasi yake na kunipa niiweke na kadi.

Mnadhani kijana ametosheka? Sasa anakitaka kiboksi cha motogadget, cha Wajerumani wa Berlin, kinachokaa kiganjani na kufanya kazi ya fyuzi nyingi, relei nyingi na flasha. Waya mmoja ukipiga shoti, kinaukata huo tu na vingine vinaendelea. Sikatai, ni akili. Nilipoambiwa bei kwa euro niliomba maji. Ningelipa fedha ile nikiwa na hakika kwamba atakayekifunga anajua mweusi ni nani.

Kinachonipa raha kidogo ni habari za Kigali na Nairobi, ambako pikipiki za umeme, za akina Ampersand na Roam, zinapita bila kelele, na dereva akiishiwa anaingia kituoni kubadilisha betri badala ya kujaza petroli. Nimezitazama kwa makini. Injini imeondoka. Kabureta imeondoka. Tangi la mafuta halina kazi. Na pale katikati, kwenye ile pembe tatu iliyotoa jasho la vijana wote hawa, amekaa betri peke yake, mpana, mzito, na kwenye pikipiki nyingi za namna hii volti zake ni 48 au 72, si 12. Yule waliyemzungusha kutoka chini ya siti mpaka kwenye tope amekinunua kiwanja, hati anayo, na waliobaki wote ni wapangaji wake. Nendeni na grenda zenu mkampe notisi.